Ubao unazamisha pua, wimbi linakupita: kutafuta chanzo kwa waliojifunzia Ziwa Kivu

Mwongozo huu ni wa wale wa Goma na Bukavu waliojifunza kulala juu ya ubao, kupiga maji kwa mikono na kuinuka wakiwa katika Ziwa Kivu, kisha wakapata nafasi ya kupanda mawimbi ya bahari kwenye ufuo wa mchanga usio na watu wengi. Tunafikiria hasa Malindi, ambako udongo wa mto Sabaki umeacha ghuba ya mchanga isiyozuiwa na miamba kama sehemu nyingi za pwani ya Kenya, na Muanda, kwenye kipande kifupi cha Atlantiki ambacho ndicho pwani pekee ya nchi yetu.

Mtu akishindwa siku ya kwanza hulaumu mikono yake, na siku ya pili hulaumu ubao. Kwa kawaida mikono ni mizima. Amekaa mita 20 kando ya mahali wimbi linapovunjika, au ameingia majini saa 2 kabla ya wakati wake. Ziwa halikumfundisha hilo kwa sababu ziwa halina maji kupwa na kujaa, na mawimbi yake ni ya upepo wa hapo hapo, yanayofuatana kwa sekunde 2 hadi 4. Bahari huleta mawimbi yaliyotoka mbali, yenye nafasi ya sekunde 8 au zaidi kati ya moja na jingine, na mchanga unaoyavunja huhama. Kwenye ufuo wenye watu ungeona wengine wamekaa wapi. Kwenye ufuo mtupu hakuna wa kukuonyesha.

Kwa hiyo kila dalili hapa chini ichunguze kwa mpangilio huu: kwanza mahali, pili saa, tatu ubao, mwisho mwili wako. Ukianza na mwili utajichosha bure.

Kabla ya kuingia: dakika 15 za kutazama

Simama mahali pa juu, juu ya tuta la mchanga au ngazi yoyote, na utazame maji kwa dakika 15 bila kuingia. Panapopiga povu jeupe tena na tena pana fungu la mchanga, yaani maji ni mafupi. Palipo na maji meusi zaidi, yaliyotulia au yenye viwimbi vidogo vya ovyo, huku povu na takataka zikielekea nje, pana mkondo wa kurudi baharini. Mgeni wa bahari hupenda kuingilia hapo palipotulia akidhani ndipo salama. Ndipo penye hatari, na pia ndipo njia rahisi ya kutoka nje kwa anayejua anachofanya.

Kipimo kimoja kinastahili kukaa kichwani: wimbi huvunjika kina cha maji kikiwa kama mara 1.3 ya urefu wake. Wimbi la mita 1 huvunjika kwenye maji ya mita 1.3 hivi, ambayo kwa mtu wa kimo cha kawaida ni usawa wa kifua. Siku ya mawimbi madogo, kama mguu wako hauigusi chini kabisa, basi umekaa mbali mno. Teremsha mguu polepole ukiwa umeshika ubao ili upime, usiruke.

Mawimbi makubwa huja kwa makundi. Hesabu yanakuja mangapi kwa kundi na utulivu kati ya kundi na kundi unachukua dakika ngapi. Hesabu hiyo utaihitaji sasa hivi.

"Sifiki nje, kila mara narudishwa ufuoni"

Hii ndiyo inayovunja watu moyo, kwa sababu nguvu zote huishia hapo kabla hujapanda hata wimbi moja.

Chanzo cha kwanza ni kwamba unatembea moja kwa moja kwenye fungu, mahali wimbi linapopiga kwa nguvu zote. Sogea kando mita 30 au 50, upande wa mkondo. Huna haja ya kuingia katikati ya mkondo wenyewe. Pita ukingoni mwake, ambako mawimbi hayavunjiki sana, kisha geuka uingie nyuma ya fungu.

Chanzo cha pili ni kuondoka kundi likiwa linaingia. Subiri maji yakikufika kiunoni, acha wimbi la mwisho la kundi lipite, halafu uende bila kusimama. Watu wengi hufanya kinyume: wanapumzika wakati wa utulivu na kuanza kupiga mikono wanapoona wimbi.

Chanzo cha tatu ni kuushika ubao vibaya. Ukiuweka mbele yako umekaa kingamo, povu litaupiga ubavu mzima na kukutupia kifuani au usoni. Ubao uwe kando yako, pua ikielekea baharini. Maji yakiwa chini ya kifua, kandamiza mkia kidogo povu likifika, pua inyanyuke, nawe uruke pamoja nao.

Maji yakiwa marefu zaidi na ubao ni ule laini wa sponji wa futi 8, usijaribu kuuzamisha chini ya wimbi. Una ujazo mkubwa mno na hautazama. Pindua badala yake:

1. Piga mikono kuelekea wimbi, ubao umenyooka kabisa.
2. Mita 2 hivi kabla halijakufika, shika mbavu zote mbili za ubao usawa wa mabega, vuta pumzi, jipindue ubao uwe juu yako.
3. Vuta pua ichome ndani ya povu huku mwili ukining'inia chini kama nanga.
4. Povu likishapita, jipindue tena na uanze kupiga mikono papo hapo.

Kinachoharibika karibu kila mara ni hatua ya 2: mtu hujipindua mapema mno, ubao unasimama, na wimbi linamrudisha. Mwendo ndio unaokuvusha. Kupindua huku kunafanyika vizuri kabisa ziwani, hata bila wimbi, na ni katika mambo machache ambayo Kivu hufundisha sawasawa na bahari.

Na jambo la kweli: siku za kwanza huna haja ya kwenda nje. Povu la kiunoni linatosha kukufundisha kuinuka, na kurudi kwake ni kwa miguu.

"Wimbi linapita chini yangu na kuniacha"

Tazama hesabu hii. Wimbi la mita 1 linapovunjika linakwenda karibu mita 3.5 kwa sekunde. Mikono ya mwanafunzi mwenye nguvu inampa mita 1 hadi 1.5. Tofauti hiyo hutaiziba kwa kufanya mazoezi ya mabega. Inazibwa na mteremko wa wimbi lenyewe: likianza kusimama wima, ubao unateremka kwa uzito wako. Ukiwa nje mno, wimbi bado ni mgongo mpana usio na mteremko, na hata bingwa hatalishika kwa ubao huo huo.

Kwa hiyo kwanza sogea ndani mita 5, si 20, na ujaribu tena. Ukipitwa, sogea 5 nyingine. Ukianza kuangukiwa na wimbi kichwani umepita kiasi, rudi 5.

Kama mahali ni sawa, angalia saa. Maji yakijaa sana juu ya fungu, wimbi linakuwa nene, linainama bila kuvunjika na kulala tena. Dalili yake ni kwamba hata ufuoni huoni mstari wa povu katikati, ila mapigo ya mwisho kwenye mchanga mkavu. Hakuna ufundi unaotibu hilo. Toka, kula, rudi maji yakishaanza kupwa.

Kisha ubao. Ukilala nyuma mno, pua inasimama juu na mkia unakokota maji. Miguu iliyoachana na kuning'inia pande zote inafanya hivyo hivyo. Bana vifundo vya miguu pamoja.

Mwisho mikono. Ziwani tunazoea mwendo mmoja, wa safari, kama mtu anayevuka ghuba kwenye mtumbwi. Wimbi linataka mapigo 6 hadi 10 ya nguvu zote, ya kina, na mengine 2 baada ya kuhisi mkia umeinuliwa. Hayo 2 ya mwisho ndiyo watu huyaacha: wanahisi wamenyanyuliwa, wanadhani wameshapanda, wanaacha kupiga, na wimbi linawatelekeza juu ya mgongo wake.

"Ubao unachoma pua ndani ya maji nami narushwa mbele"

Jibu la haraka ambalo kila mtu hutoa ni "rudi nyuma". Ni sahihi nusu. Ukirudi nyuma sana utahama kutoka ugonjwa huu kwenda ule wa juu, wa kupitwa.

Pima kwanza kwenye maji matulivu. Lala, kifua kimeinuka kidogo, macho mbele. Pua iwe juu ya maji kwa vidole 2 au 3. Ikiwa imezama, rudi sentimita 5 upime tena. Ukipata mahali pake, weka alama kwenye deki, yaani uso wa juu wa ubao, mbele ya kidevu kwa mkanda wa rangi, ili kila ukilala usianze kukisia. Kipimo hiki kinafaa kufanywa Kivu kabla ya safari. Watu husema bahari itaufanya ubao uelee juu zaidi kwa sababu ya chumvi. Ni kweli, lakini tofauti ni chini ya asilimia 3. Wewe na ubao mkiwa na kilo 80, ziwani mnahamisha lita 80 za maji, baharini kama 78. Alama yako ya ziwani itafaa.

Kama alama ni sahihi na bado pua inachoma, basi mara nyingi umechelewa. Umeshika wimbi likiwa tayari limekuwa ukuta, na ubao mrefu ulionyooka haupati nafasi ya kujikunja na mteremko huo. Tazama maji yako wapi: yakiwa yamepwa sana, fungu la ndani linafanya wimbi lijitupe ghafla. Subiri maji yajae kwa saa 1 au 2, au anza kupiga mikono mapema ukiwa nje kidogo, au ingia kwa pembe, pua ikielekea upande wimbi linakofungukia badala ya ufuoni moja kwa moja.

Chanzo kingine ni kichwa. Mtu akiinuka hutazama mikono yake, kichwa kinashuka, uzito unakwenda mbele. Tazama unakokwenda.

"Wimbi lote linafunga kwa wakati mmoja"

Unainuka vizuri, kisha ukuta mzima, kushoto na kulia, unaanguka pamoja na hakuna pa kwenda. Hilo si kosa lako. Fungu la hapo limenyooka sambamba na ufuo, nalo wimbi limefika limenyooka vile vile.

Tafuta fungu lenye kona, yaani mahali povu linapokatika na kupisha maji meusi. Kwenye kona hiyo wimbi huanza kuvunjika upande mmoja na kuendelea polepole kuelekea kwenye kina. Inaweza kuwa mita 200 kutoka ulipoweka nguo, na kwenye ufuo mtupu kutembea huko hakumkeri yeyote. Ukiona wimbi linasimama kama kilele cha paa, katikati juu na pande zikishuka, kaa chini ya kilele hicho. Ukiona mstari mrefu ulionyooka, liache lipite.

Jua pia kwamba mchanga hauna uaminifu. Mahali pazuri pa juzi panaweza kufutwa na siku 2 za mawimbi makubwa. Wavuvi wa hapo wanajua mafungu kuliko ramani yoyote. Malindi mwamkie mzee kwa shikamoo kabla ya kuuliza. Muanda sema "papa", yaani baba, na Kilingala kitakusaidia kuliko Kiswahili.

"Nilifuata saa za maji lakini nimekuta kinyume"

Mara nyingi ni saa ya simu. Goma inatangulia Muanda kwa saa 1, na Kenya inaitangulia Goma kwa saa 1. Ukipiga picha jedwali la maji ukiwa nyumbani, hakikisha limeandikwa kwa saa ya huko.

Maji hujaa na kupwa mara 2 kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani ya Kenya tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 hivi. Kwenye ufuo unaoshuka mita 1 kwa kila mita 50, hiyo ni mita 150 za mchanga zinazofunuliwa na kufunikwa. Mahali wimbi linapovunjika pamehama kabisa. Siku hizo maji hupwa kabisa saa 4 au saa 5 asubuhi, na kujaa karibu saa 10 alasiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo na dirisha la kupanda ni refu zaidi. Kwa mwanafunzi tunaona ni bora kuliko bamvua. Muanda tofauti ya maji ni ndogo kuliko ya Kenya, hivyo huko upepo una neno zaidi kuliko saa.

Kuhusu upepo: ghuba ya Malindi hupata mawimbi wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, na kusi lenyewe likipata nguvu mchana huvuruga uso wa maji. Ingia mapema asubuhi. Kama asubuhi mapema ndiyo maji yamejaa mno, chagua siku nyingine katika wiki badala ya kulazimisha.

"Nikitoka majini nguo zangu ziko mbali sana"

Mkondo wa pembeni umekusogeza. Chagua vitu 2 nchi kavu vinavyopangana, mnazi mmoja na paa nyuma yake, na uviangalie kila baada ya wimbi. Vikiachana, umehama. Usipigane na mkondo huo kwa mikono. Toka, tembea kwenye mchanga, ingia tena.

"Navutwa nje"

Hili lisomwe mara 2, kwa sababu ufuo usio na watu hauna pia mwokoaji.

Mkondo wa kurudi baharini haukuvuti chini. Unakubeba nje, na nguvu zake hulegea nyuma ya mahali mawimbi yanapovunjika. Kinachoua ni kuogelea kinyume chake mpaka mikono iishe. Baki juu ya ubao. Ndio boya lako, usiuache hata kama unaona ufuo uko karibu. Piga mikono sambamba na ufuo, kuelekea povu jeupe lililo karibu, kwa sababu penye povu pana fungu, na povu hilo hilo litakurudisha ukiwa umelala kifudifudi. Ukishindwa, kaa juu ya ubao na inua mkono mmoja juu, uupunge.

Mwenzako awe nchi kavu au majini karibu nawe, kila mara. Mtu mmoja kwenye ufuo mtupu asiingie zaidi ya kiuno, hata awe na uzoefu wa miaka ziwani. Na kaa mbali na midomo ya mito: Sabaki ikijaa huleta magogo na maji ya matope usiyoona chini, na pana viboko. Upande wa Banana, karibu na Muanda, mto Kongo unaingia baharini kwa nguvu ambazo hakuna ubao wa kushindana nazo.

"Nainuka, kisha naanguka kando au nyuma"

Hapa ziwa lina lawama yake. Wengi wa kwetu wamezoea kusimama juu ya ubao usiotembea, kwenye maji ya Kivu yaliyotulia. Ubao uliosimama huyumba kushoto na kulia, kwa hiyo mwili unajifunza kukaza magoti na kutandaza mikono. Ubao unaokwenda kwa kasi ya wimbi hutulia wenyewe. Unachohitaji ni magoti laini na uzito unaosogea mbele na nyuma. Mazoezi ya kusimama kwenye maji matulivu yapunguze. Chora umbo la ubao kwenye sakafu na urudie kuinuka hapo: mikono chini ya mbavu za kifua, sukuma, miguu yote 2 itue kwa mara moja bila kupitia magotini.

Ukianguka nyuma, mguu wa nyuma uko mbali mno kwenye mkia au umenyooka. Ukianguka kando, nyayo haziko juu ya mstari wa katikati, au umeinuka ukiwa bado umeshika mbavu za ubao kwa vidole. Ukianguka mbele kila mara, umeinuka kabla ubao haujaanza kuteremka. Hesabu moja, kisha inuka.

Namna ya kuanguka ni muhimu kuliko namna ya kuinuka. Chini kuna fungu, pengine kwa kina cha mita 1 tu. Anguka kwa makalio au mgongo, ukijitandaza, kamwe si kichwa mbele. Shingo huvunjika kwenye mchanga kama zinavyovunjika kwenye jiwe. Ukiibuka, mikono itangulie kufunika kichwa, kwa sababu ubao uko mahali fulani hapo juu na kamba inaurudisha kwako.

"Ubao unateleza upande, haushiki njia"

Tazama mapezi yaliyo chini ya mkia. Ya pembeni yana upande bapa na upande uliobinuka: bapa hutazama ndani, uliobinuka hutazama nje. Yakibadilishwa kushoto na kulia, ubao unapingana wenyewe. Pezi la katikati likikosekana, mkia utateleza. Kwenye mbao laini za kukodisha, skrubu za plastiki hulegea kila siku; zikaze kwa mkono kabla ya kuingia na utoe mchanga kwenye mashimo yake. Kamba ya mguu iwe na urefu sawa na ubao, ifungwe kifundo cha mguu wa nyuma.

Kama ni miguu inayoteleza, tatizo ni nta. Mshumaa peke yake ni mgumu na unateleza. Anayepata nta ya nyuki, na huku Kivu inapatikana kwa wafuga nyuki, ayeyushe sehemu 3 za nta kwa sehemu 1 ya mafuta ya nazi, kwenye chungu kilichowekwa ndani ya maji yanayochemka, si juu ya moto wenyewe. Mimina kwenye kikombe, iache igande. Ikinata na kuchuruzika kwenye joto la pwani, punguza mafuta. Ubao laini mara nyingi hauhitaji nta, ila kidogo pale miguu inapokaa.

"Ubao umevimba, umeota malengelenge, au umekuwa mzito"

Hili ni la kwetu hasa, na watu wa pwani hawalijui. Goma iko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na hewa ya hapa ina shinikizo dogo kwa asilimia 15 au 16 kuliko ya ufuoni. Ubao mgumu wenye moyo, yaani sehemu ya ndani, wa polistireni uliofungwa baharini hufika hapa hewa ya ndani ikitafuta pa kutokea. Ukiuacha juani juu ya gari, ngozi inaachana na moyo na malengelenge yanatokea. Mbao nyingi za aina hiyo huwa na skrubu ndogo ya hewa kwenye deki: ilegeze kabla ya kupanda kuja milimani, na uikaze kabla ya kugusa maji. Safari ya kushuka ina hatari kinyume. Ubao uliofungwa Goma hufika pwani ukiwa na hewa pungufu ndani, na ufa mdogo usiouona utafyonza maji ya chumvi. Ilegeze tena ukifika, ikae usiku mmoja, ikaze asubuhi.

Jijini, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hubeba ubao vizuri kuliko pikipiki, maana unalala wote bila kupinda. Ufunge kwa vipande vya matela (godoro) pua na mkia, mapezi yakiwa yametolewa. Kwenye fukwe zetu za mawe ya volkano, usiuburute kabisa; mawe hayo hukata kama chupa. Na ukimaliza mazoezi alfajiri wakati hakuna upepo, usijilaze kwenye mabonde na mashimo ya kando ya ziwa. Mazuku, yaani hewa nzito ya kaboni dioksidi itokayo ardhini, hukaa huko chini, na mtu aliyechoka anayehema kwa nguvu huipokea haraka. Kichwa kikiuma ghafla au pumzi ikibana, panda juu mara moja, usiiname kuchukua vitu.

Ubao ukiongezeka uzito, una maji. Usizibe tundu juu ya unyevu. Uusimamishe ubao kivulini, tundu likiwa chini, kwa siku kadhaa, uupime kwenye mizani kila siku mpaka uzito usimame. Kisha piga msasa kuzunguka jeraha. Hapa ndipo mafundi wa magari huharibu mbao bila kujua: rezini ya poliesta wanayotumia kwenye bampa huyeyusha moyo wa polistireni kama asidi, na unabaki na shimo kubwa kuliko la mwanzo. Tumia epoksi, ambayo inafaa kwa moyo wa polistireni na wa poliyurethani pia, ukipima sehemu zake kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo bila kuongeza kigumisho ili ikauke haraka. Kitambaa cha faiba kizidi ukingo wa jeraha kwa sentimita 3 kila upande. Uache siku nzima, piga msasa, na ubonyeze kwa kidole gumba: kucha ikiacha alama, bado haijaiva, na ubao usiingie majini.